Duara la kubadilishana wenzi katika dansi ya kontra: uchague lipi, na lile gumu ulifundisheje

Usiku wa dansi ya kontra, dansi ya kijamii ya Marekani Kaskazini, iwe Greenfield kule Massachusetts, Nelson kule New Hampshire au Glen Echo karibu na Washington, huchezwa zaidi kwenye mistari mirefu. Kila mtu ana mwenzi mmoja kwa dansi nzima. Wanaobadilika ni majirani tu, yaani jozi mnayocheza nayo raundi hiyo. Lakini mwitaji, yaani yule anayefundisha hatua na kuzitangaza juu ya muziki, anaweza kuomba duara moja kubwa ambalo kila raundi humpa mchezaji mwenzi mpya. Waitaji wengi wachanga huliona duara kama mapumziko. Si kweli. Kwenye mstari ukikosea, mwenzi wako na majirani watakuvuta mkono, na raundi ijayo mwenzi wako bado yupo. Kwenye duara ukikosea mtu mmoja tu, unabaki bila mwenzi, aliyekuwa wako naye anabaki peke yake, na uliyemshika ana watu wawili wanaomtaka. Yote hayo ndani ya nusu dakika.

Kwa hiyo usilipime duara kwa wingi wa hatua zake. Pima sehemu moja: mchezaji anampataje mwenzi mpya? Hapo ndipo duara hupona au huvunjika. Hapa tunalinganisha manne kwa kipimo hicho, kisha tunakaa zaidi na lile gumu.

Kwanza msingi wa pamoja. Raundi moja ina mapigo 64, yaani vipande vinne vya mapigo 16: A1, A2, B1, B2. Kwa mwendo wa mapigo 116 kwa dakika, raundi huisha kwa sekunde 33 hivi. Anayesimama kushoto katika wawili ni Larki, anayesimama kulia ni Robini. Majina haya hayamfungi mwanamume wala mwanamke. Wote wakitazama katikati, kona wa Larki ni Robini aliye kushoto kwake, na kona wa Robini ni Larki aliye kulia kwake.

| Duara | Mwenzi mpya ni nani | Huharibikia wapi | Muda wa kufundisha |
|---|---|---|---|
| La Bastringue | Kona, ambaye mkono wake tayari umeushika | Swingi (wawili kuzunguka pamoja wakiwa wameshikana karibu) ikiishia upande usio sahihi | Dakika 2 |
| Circassian Circle, lile la duara kubwa | Kona, lakini unamwendea bila mkono | Larki anapogeuka akitoka katikati | Dakika 2 hadi 3 |
| Mnyororo wa kuhesabu hadi 7 | Mtu wa saba | Hesabu, na idadi ya wachezaji | Dakika 3 hadi 4 |
| Duara la wimbi | Mtu wa nne | Nusu mzunguko, na nani anatazama wapi | Dakika 5 hadi 6 |

La Bastringue

Hili limetoka Quebec, na wimbo wake una jina hilohilo. A1: wote mbele mapigo 4, nyuma 4, mara mbili. A2: duara kushoto 8, kulia 8. B1: Larki ananyanyua mkono wake wa kushoto, ambao tayari umeshika mkono wa kulia wa kona; kona anapita chini ya mkono huo na kugeuka kumkabili, kisha swingi hadi mwisho wa kipande. B2: promenadi, wawili wakitembea ubavu kwa ubavu kinyume cha saa, na mapigo 4 ya mwisho hutumika kufunguka na kutazama katikati.

Nguvu yake iko kwenye mkono ule. Mchezaji hahitaji kukumbuka neno "kona" wala kujua kushoto ni wapi, kwa kuwa mwenzi wake mpya ameshikamana naye tangu kipande cha kwanza. Ukumbi ukiwa na wageni zaidi ya nusu, anza na hili, wala usione haya kulirudia wiki baada ya wiki. Jambo moja tu la kusisitiza: swingi ikiisha, Robini awe upande wa kulia wa Larki. Akibaki kushoto, promenadi bado itakwenda vizuri na hakuna atakayegundua, mpaka raundi ijayo Larki anyanyue mkono wa kushoto na kumkuta mtu yuleyule.

Circassian Circle

A1 ni mbele na nyuma mara mbili. A2: Robini wote wanaingia mapigo 4 na kurudi 4, kisha Larki wanaingia 4, wanageuka, wanatoka 4 kumwendea mwenzi mpya. B1 swingi, B2 promenadi. Hatua ni chache kuliko za La Bastringue, na muziki wake husukuma vizuri. Lipo pia la kubaki na mwenzi mmoja. Hapa tunazungumzia lile la kubadilisha.

Tatizo liko katika mapigo manne. Larki akiwa anatazama katikati, kona yuko kushoto. Akiingia na kugeuka kutazama nje, kona huyohuyo sasa yuko kulia kwake. Mwitaji akisema "nenda kwa aliye kushoto" wakati Larki ameshageuka, nusu ya ukumbi itakwenda upande mmoja na nusu upande mwingine. Dawa ni kumtambulisha kona kabla ya kuingia: Larki ageuze kichwa, amtazame kona usoni, amwonyeshe kidole. Na anapogeuka kule katikati, azungukie bega la kushoto, kwa sababu mzunguko huo unampitisha macho upande wa kona. Anayezungukia bega la kulia atamwona mwenzi wake wa zamani kwanza na kumrudia kwa mazoea.

Chagua hili badala ya La Bastringue pale watu wanapohitaji kutembeza miguu zaidi ya kushikana, au pale wengi wameshacheza kontra usiku kadhaa. Kwa wageni watupu La Bastringue ni salama zaidi.

Mnyororo wa kuhesabu

Mpangilio ulio rahisi kuuita: A1 duara kushoto 8, kulia 8. A2 mbele na nyuma mara mbili. B1: mkabili mwenzi, mpe mkono wa kulia na kumpita, huyo ni wa kwanza, anayefuata mkono wa kushoto, wa pili, hivyo hivyo hadi wa saba. B2: swingi na huyo wa saba mapigo 16, mkifunguka mwishoni kutazama katikati. Larki huzunguka kinyume cha saa, Robini huzunguka na saa.

Kosa la kawaida ni kuanza kuhesabu baada ya mwenzi badala ya kuanzia kwake. Waambie wahesabu kwa sauti, ukumbi mzima, "moja" ikiwa ni mwenzi. Kisha wape kipimo cha kujisahihisha: namba za witiri zote ni mkono wa kulia. Ukifika saba ukiwa umetoa mkono wa kushoto, umeruka mtu au umemhesabu mmoja mara mbili. Swingi na aliye karibu, raundi ijayo utakaa sawa.

Lakini kuna jambo ambalo waitaji wengi hawalitazami: idadi ya jozi. Kila raundi unasogea watu sita mbele. Jozi zikiwa 6, mtu wa saba ni mwenzi wako mwenyewe, na duara halibadilishi chochote. Zikiwa 12, utapishana kati ya watu wawili tu dansi nzima: mwenzi wako, yule wa ng'ambo ya duara, mwenzi wako tena. Zikiwa 9, utakutana na watatu, 18 vilevile watatu, 24, wanne. Zikiwa 11, 13 au 17, utampata kila mtu. Kwa hiyo hesabu jozi kabla ya kufundisha. Ukikuta 12, wahesabishe hadi 6 badala ya 7: unasogea watano, na watano hawagawanyi kumi na mbili, kwa hiyo kila mtu atakutana na wote. Mtu wa sita atapokewa kwa mkono wa kushoto. Liseme wazi mapema ili ile kanuni ya witiri isiwachanganye. Au waombe jozi moja zaidi iliyokaa pembeni iingie.

Kwenye La Bastringue na Circassian hesabu hii haikuhusu hata kidogo. Unasogea mtu mmoja kila raundi, basi ni lazima uwapitie wote.

Duara la wimbi

Sasa lile linalowatoa waitaji jasho. Wimbi ni duara ambalo wachezaji wameshikana mikono huku wakipishana kutazama: Larki wanatazama ukuta, Robini wanatazama katikati, au kinyume chake. Likienda vizuri ni tamu kuliko yote manne, kwa kuwa ukumbi mzima unapiga balansi, yaani kwenda mbele na kurudi nyuma mikono ikiwa imeshikana, kwa pamoja na sakafu inasikika. Likiharibika, huharibika kwa wote kwa pigo moja.

Mpangilio mmoja unaokaa vizuri kwenye muziki ni huu. A1: duara kushoto 8, kulia 8. A2: mbele na nyuma 8, alemandi (kuzungukana mkiwa mmeshikana mkono mmoja) ya mkono wa kulia na mwenzi, mzunguko mmoja na nusu, 8. B1: balansi 4, alemandi ya kushoto nusu na wa pili 4, balansi 4, alemandi ya kulia nusu na wa tatu 4. B2: na wa nne balansi 4, swingi 12. Funguka, Robini kulia, tazama katikati.

Kuna njia mbili za kulifundisha. Ya kwanza ni kutembea toka A1 hadi B2 kwa mpangilio. Ni ya kawaida na inafaa kwa maduara mengine yote hapo juu. Hapa ni mbaya, kwa sababu watu wanafika kwenye wimbi wakiwa wamezunguka mara moja na nusu, vichwa vimepoteza mwelekeo, na ndipo unapowadai wajue wanatazama wapi. Ya pili ni kujenga wimbi kwanza, likiwa limesimama, kisha kuambatisha mwanzo baadaye. Tunapendekeza hii ya pili bila kusita.

Inakwenda hivi. Duara limesimama, maikrofoni mkononi, ikiwezekana uwe katikati wakati wa kufundisha ili uone nyuso. Sema: "Mkabili mwenzi. Mshikane mkono wa kulia, kiwiko kimekunjwa. Badilishaneni nafasi, mzunguko nusu. Simama, usiachie." Sasa kila Larki anatazama ukuta na kila Robini anatazama katikati. Subiri hadi hilo liwe kweli kwa kila mtu. Pitisha macho duara zima. Kisha: "Toa mkono wa kushoto. Uliyemshika ni wa pili. Mwambie jina lako." Kule kusema jina si adabu tu, kunamfanya mtu atambulike, na ukumbi unatulia kidogo.

Halafu: "Balansi mbele na nyuma. Achia kulia, zunguka nusu kwa kushoto. Simama." Sasa Larki wanatazama katikati. "Toa mkono wa kulia: wa tatu." Balansi, nusu kwa kulia, simama. Larki wanatazama ukuta tena. "Toa mkono wa kushoto: wa nne. Huyo ndiye mwenzi wako mpya." Swingi, funguka.

Kanuni ya kuwapa, na inatosha peke yake: mkono wa kulia ukimaliza kazi, Larki anatazama ukuta, mkono wa kushoto ukimaliza, Larki anatazama katikati. Robini ni kinyume. Aliyepotea akiikumbuka hiyo anajirudisha mwenyewe bila kuuliza.

Usijaribu njia ya mkato ya kuwaambia Larki wageuke tu pale walipo. Wakigeuka bila kubadilishana nafasi, mkono wanaompa mwenzi ni wa kushoto, na kila kitu kinachofuata kimepinduka. Ni kosa linalofanywa hata na waitaji wazoefu, kwa kuwa ukilitazama toka jukwaani wimbi linaonekana sawasawa.

Wimbi likishakaa, ambatisha A2. Usiseme "moja na nusu" kana kwamba ni kitu kipya. Sema: "Zunguka na mwenzi mara moja kamili, kisha ile nusu mliyokwisha jifunza." Mzunguko mmoja na nusu kwa mapigo 8 unawezekana tu kama wote wawili wanavutana kidogo mikononi, uzito ukielekea nje. Mikono ikilegea, watatumia mapigo 10, na balansi ya B1 itaanza duara likiwa bado linatembea.

Ukiona wameshindwa kwenye jaribio la kwanza, lipo toleo jepesi, na kwa ukumbi mchanganyiko ndilo ambalo tungelichagua tangu mwanzo. Ondoa mbele na nyuma pamoja na ule mzunguko mmoja na nusu. A2 iwe: dosado na mwenzi (kuzungukana mgongo kwa mgongo bila kushikana) 8, balansi mkono wa kulia 4, nusu kwa kulia 4. Sasa dansi yote ya kubadilisha ni kitu kimoja kinachorudiwa: balansi, nusu kwa kulia, balansi, nusu kwa kushoto, balansi, nusu kwa kulia, balansi, swingi. Mwenzi mpya bado ni wa nne. Hakuna kilichopotea isipokuwa kasi.

Makosa mengine mawili ya kuyaangalia. La kwanza ni kuzunguka mzima badala ya nusu kwa mkono wa kushoto. Anayefanya hivyo anarudi alipokuwa, akitazama ukuta wakati Larki wenzake wanatazama katikati. Neno "nusu" peke yake halimsaidii. "Chukua nafasi yake, yeye achukue yako" linamsaidia. La pili ni kuachia mikono yote wakati wa balansi. Wimbi linashikiliwa na mikono. Ukiachia pande zote mbili hujui tena wa pili ni nani.

Na hesabu ya jozi? Hapa unasogea watatu. Jozi 12 zitakupa wenzi wanne, jozi 9 watatu, jozi 15 watano. Idadi isiyogawanyika kwa tatu inakupitisha kwa wote. Kwa dansi ya raundi nane hivi, 15 bado inavumilika, 9 hapana.

Kuita

Kwa yote manne, wito utoke mapigo 4 kabla ya tendo na uishe kabla ya pigo la kwanza la kipande. Kwa wimbi, mapigo 4 ya balansi ndiyo nafasi yako: wakati wanakwenda mbele na nyuma, wewe unatoa linalofuata. Panga maneno hivi: nani, mkono gani, kiasi gani. "Wa pili, kushoto, nusu." Ukianza na "alemandi" umeshakula pigo zima kwa neno ambalo halimwambii mtu amshike nani.

Kwenye mistari ya kontra mwitaji hunyamaza baada ya raundi chache. Kwenye La Bastringue unaweza kunyamaza baada ya raundi ya nne. Kwenye wimbi punguza maneno, lakini usinyamaze kabisa: kila raundi watu wako na wasiowajua, na hakuna jozi iliyozoeana ya kubeba kumbukumbu. Ita angalau "wa nne" kila B2 hadi mwisho.

Omba bendi ishushe mwendo hadi 108 au 110 kwa wimbi, na wachague nyimbo ambazo vipande vyake vinasikika wazi. Nyimbo zinazotiririka bila mipaka, nzuri kwa mistari, hapa zinaficha pigo la kwanza la balansi.

Baada ya jaribio usiwaombe warudi kwa wenzi wao wa mwanzo. Kwenye duara la watu 40 kurudishana kunaweza kula muda kuliko mafundisho yenyewe, na nusu watasimama mahali pasipo pao. Waambie kabla hujaanza kwamba hawarudi, ili waliokuja na mtu wao wachague kucheza au kupumzika, kisha anzisha muziki na mwenzi waliye naye.

Tangaza pia kwamba katikati ya duara ni mahali pa waliopotea. Asiye na mwenzi aingie katikati, anyanyue mkono, aungane na mwingine aliye hapo, na wawili hao waingie popote kwenye duara, Robini kulia. Bila tangazo hilo aliyepotea hukimbiakimbia nyuma ya watu, na huwavuruga wengine watatu.

Nafasi nayo iangalie. Mtu mmoja huhitaji sentimita 80 hivi za mzingo, kwa hiyo jozi 20 ni mita 32 kuzunguka, kama mita 10 toka upande hadi upande, na bado swingi inadai nafasi nyuma. Ukumbi ukiwa na upana wa mita 9, gawa maduara mawili, moja ndani ya lingine, kwa La Bastringue au mnyororo. Kwa wimbi usigawe hivyo: Larki wa duara la ndani wanaotazama nje watapiga balansi kifuani mwa Robini wa duara la nje. Weka maduara mawili bega kwa bega ukumbini, au uchague dansi nyingine usiku huo.

Ratiba nayo: La Bastringue na Circassian zikae ya pili au ya tatu, wageni wakiwa wamekwisha kujua swingi. Mnyororo unakaa popote kabla ya mapumziko. Wimbi liwe mara tu baada ya mapumziko, watu wakiwa wamepumua na masikio yako tayari, na kabla yake kuwe na dansi ya mstari yenye wimbi dogo la watu wanne, ili mikono iwe imeshajua kunakotakiwa. Raundi ya mwisho, mwambie kiongozi wa bendi mapema kwa kidole kimoja juu, na funga kwenye swingi.